Gari Lililofunguliwa Aden

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliijua Aden kwa mambo mengi kabla ya kuijua kwa ufundi wa magari: waliijua kwa majahazi yaliyopumzika bandarini mwake katika safari za msimu, kwa Washihiri waliopitia huko wakija Lamu, Mombasa na Unguja kutafuta riziki, kwa meli za moshi zilizosimama kuchukua makaa, na kwa joto ambalo hata mabaharia wazoefu walilitaja kwa kuguna. Katika mji huo, mwaka 1965, bendera ya Uingereza ikipepea miaka yake ya mwisho na harakati za kuishusha zimekwisha kupamba moto, alipelekwa afisa mmoja kijana wa jeshi la anga la Kiingereza, jina lake John Haynes. Mwenziwe kazini alikuwa amenunua gari dogo la spoti, Austin-Healey Sprite, lililohitaji kufanywa upya, akamwomba msaada. Hapakuwa na ajabu katika ombi hilo, kwa kuwa Haynes alijulikana kwa mapenzi yake ya magari. Ajabu ni lililofuata. Haynes alinunua kamera, na kila hatua ya kuifungua injini ile akaipiga picha, na kila hatua ya kuifunga akaipiga tena, mpaka kazi nzima ikawa imehifadhiwa kwa mfululizo wake kutoka nati ya kwanza hata ya mwisho. Mwaka uliofuata picha hizo zilitoka kitabuni. Nakala 3,000 za awali ziliisha kabla ya miezi mitatu kupita. Na vitabu vilivyofuata njia hiyo, vya magari ya kila kabila, vimekwisha kuuzwa duniani zaidi ya milioni 200.

Yafaa kuuliza kwa nini mtu mwenye kitabu cha kiwanda alihitaji kamera, maana kitabu cha kiwanda kilikuwapo. Jawabu ni kwamba kitabu hicho kiliandikwa na bingwa kwa ajili ya bingwa mwenziwe. Kilimdhania msomaji kuwa na karakana yenye winchi ya kunyanyulia injini, kuwa na zana maalumu zilizotiwa namba na kuuzwa kwa mawakala, na kuwa na miaka ya uanagenzi iliyokwisha kumkomaza mikono. Kwa hiyo kilimwamuru aondoe giaboksi kwa maneno mawili matatu, kisha kikaendelea na shughuli nyingine, ilhali msomaji asiye fundi, akiwa chali juu ya saruji na taa ya mkononi inayotaka kuzima, hajui bado ni bolti gani ya kwanza kuguswa. Mtu huyo hakushindwa kwa udhaifu wa mikono wala kwa uhaba wa akili. Alishindwa kwa kukosa tartibu, yaani kujua lipi hutangulia lipi, na kipi kisiguswe mpaka kipi kimetoka. Tartibu hiyo bingwa anayo, na kwa sababu imemwingia damuni hajui tena kama anayo, ndiyo maana akishika kalamu huiruka. Mwandishi aliyefungua gari kwa mikono yake mwenyewe, akakwama, akarudi nyuma, akaona njia, ndiye pekee awezaye kuiandika, madhali aiandike kabla hajawa bingwa sana.

Haynes alistahiki kulitambua pengo hilo, kwani alilivuka angali mwanafunzi. Alizaliwa mwaka 1938 Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, katika maisha ya mashamba ya chai, kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika shule ya bweni huko Kent. Alimshawishi mwalimu wa bweni lake amsamehe mchezo wa ragbi ili saa hizo azitumie kuligeuza gari kuukuu aina ya Austin 7 kuwa gari jepesi la spoti. Namsifu mwalimu yule ambaye jina lake halikuvuma: katika shule ambazo uwanja wa ragbi ulihesabiwa kuwa nusu ya malezi, kumwacha mtoto akalale chini ya gari kulihitaji moyo mpana. Gari lilipokwisha liliuzwa kwa faida nzuri, na mwaka 1956 kijana huyo, mwenye umri wa kama miaka 18, alitoa kijitabu cha kueleza jinsi alivyolifanya. Nakala 250 zilinunuliwa katika siku 10.

Austin 7 yenyewe yataka maneno kidogo, maana pasipo gari la namna ile asingetokea fundi wa namna hii. Ilianza mwaka 1922, matokeo ya fikira za Herbert Austin na michoro ya Stanley Edge, kijana ambaye naye alikuwa na miaka 18 hivi alipoitwa kuichora, ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1939, magari kiasi cha 290,000. Injini yake ya silinda nne haikufika sentimita za ujazo 750. Chesisi yake ilikuwa vyuma viwili vilivyokaribiana mbele na kuachana nyuma kwa umbo la herufi A, na bodi iliketi juu ya vyuma hivyo kwa bolti tu, hata mtu aliyeichoka aliweza kuing'oa na kuvisha nyingine ya bati aliyoikunja mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari hayo yalikuwa yamezeeka na bei zake zimeanguka, na vijana wa Kiingereza wasio na mali wakayafanya chuo. Colin Chapman alilijenga gari lake la kwanza juu ya Austin 7 mwaka 1948, na katika kujenga huko ikazaliwa Lotus. Bruce McLaren, huko New Zealand, alianza mbio zake kwa Austin 7 iliyonunuliwa na baba yake. Majina hayo mawili yamekuja kung'ara katika mashindano makubwa kuliko yote ya magari duniani, na asili yao ni gari ambalo mtu aliweza kulifungua lote na kulielewa lote kwa spana zilizoenea ndani ya mfuko mmoja.

Wako wanaodhani kwamba Mwingereza alijitengenezea gari kwa mapenzi matupu. Mapenzi yalikuwapo, lakini yalisukumwa na hesabu. Ujira wa gereji ulikuwa mkubwa, Jumamosi na Jumapili zilikuwa zake mwenyewe, na kibanda cha uani hakikumdai kodi. Fauka ya hayo serikali, bila ya kukusudia, ilifanya kazi ya mwalimu. Kodi ya ununuzi iliangukia gari jipya lililokamilika, lakini haikuangukia vipande vilivyouzwa mafungu mafungu. Basi Lotus Seven iliyotoka mwaka 1957 iliuzwa kwa wengi ikiwa vipande, mnunuzi akaifunga nyumbani kwake. Husimuliwa kwamba, ili kodi isidaiwe, haikuruhusiwa kumpa mnunuzi maelezo ya kufunga, kwa hiyo alipewa maelezo ya kufungua, ayasome kutoka mwisho kuja mwanzo. Siwezi kukiapia kisa hicho kila neno, kwa kuwa wapenda magari ni wasimulizi hodari. Lakini mtu aliyewahi kushika spana huona mara moja kwamba maelezo ya namna hiyo yangemtosha kabisa. Kisha mwaka 1960 ukaja ukaguzi wa lazima wa breki, taa na usukani kwa magari yaliyozidi miaka 10. Yaliyoanguka yakawa mengi hata muda ukapunguzwa kuwa miaka 7, na mwaka 1967 ukawa miaka 3. Mwenye gari kuukuu akajikuta na karatasi ya makosa mkononi, na mbele yake njia tatu: kulipa gereji, kulitupa gari, au kuvua koti na kujaribu. Vitabu vya Haynes vilifika sokoni wakati karatasi hizo zilipokuwa zikienea nchi nzima, na sioni haja ya kutafuta sababu nyingine ya kuuzika kwake.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine, nayo haina aibu. Gerezani katika Dar es Salaam, katika barabara ya Nairobi iliyoitwa Grogan zamani na Kirinyaga sasa, na chini ya miarobaini isiyo na idadi kati ya Lamu na Mtwara, tartibu ya kufungua gari haikukaa kitabuni bali katika jicho. Mwanagenzi hushika taa, huosha vipande kwa mafuta ya taa, hukabidhi spana namba 13 kabla haijaombwa, hutukanwa akikabidhi namba 14, na baada ya miaka kadhaa hujikuta anajua jambo ambalo hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Mwenye gari, kwa upande wake, huketi kwenye benchi na gazeti, akiuliza kila baada ya muda kama kazi inakaribia kwisha, na kujibiwa kila mara kwamba imekaribia. Mahali ambapo ujira wa fundi ni mdogo na watu wengi hula kwa kazi ya mikono, mtu mwenye mshahara anayejifungulia injini yake mwenyewe aweza hata kuonekana bahili. Lakini ada hiyo ina gharama yake: mwenye gari hubaki mgeni katika mali yake, hawezi kupambanua plagi iliyokufa na plagi iliyochafuka tu, akiambiwa ringi zimekwisha huinamisha kichwa, na akirudishiwa gari hajui kama kilichomo ndani ndicho kilichokuwamo. Mafundi waaminifu ni wengi kuliko wanavyosingiziwa. Hata hivyo ujinga wa mwenye gari huwatia majaribuni hata hao.

Tuitazame kazi moja kwa karibu, tuone tartibu hiyo ni kitu gani hasa. Injini ya Sprite ya kwanza ilikuwa ya sentimita za ujazo 948, na ukoo wake ndio uliotiwa ndani ya Austin A35, ndani ya Morris Minor ambayo wazee wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wataikumbuka, na baadaye ndani ya Mini. Juu yake pana valvu 8, mbili kwa kila silinda, moja ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli na moja ya kutoa moshi. Kila valvu husukumwa na mkono mfupi wa chuma uitwao roka, na baina ya roka na ncha ya valvu lazima ibaki nafasi nyembamba, milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Chuma hutanuka kikipata moto. Nafasi ikikosekana, valvu haitaketi sawasawa katika kiti chake, na gesi ya moto itapenya ubavuni mwake hata iiunguze. Ikizidi, injini italia kama cherehani na nguvu zake zitapungua. Kuipima si kazi: huchukuliwa fila, kijibati kilichoandikwa unene wake, kikapitishwa katikati, na kikipita kwa kukwaruza kidogo kipimo kimetimia. Kazi ni kujua saa ya kupima, kwa kuwa injini ikizungushwa kila valvu hupanda na kushuka kwa zamu yake, na ukiipima iliyo njiani utapata kipimo cha uongo na kukiamini.

Hapo ndipo mafundi wa injini hizo wana hesabu yao ya tisa. Zihesabu valvu kutoka mbele kwenda nyuma, ya 1 hadi ya 8. Izungushe injini polepole, plagi zikiwa zimetolewa ili izunguke bila ukaidi, mpaka valvu ya 8 ishuke kabisa. Hapo ya 1 imepumzika, nawe uipime. Ya 6 ikishuka, pima ya 3. Ya 4 ikishuka, pima ya 5. Ya 7 ikishuka, pima ya 2. Kisha jozi zigeuke, ya 1 ikishuka upime ya 8, na hivyo hivyo mpaka zote ziishe. Kila mara namba ya valvu iliyoshuka na namba ya valvu unayoipima zikijumlishwa hufanya 9. Mtu aliyeambiwa haya hahitaji kujua umbo la kemshafti wala zamu za kuwaka kwa silinda. Aweza kuifanya kazi asubuhi moja, akaifunika injini kwa gasketi mpya, akanawa mikono akaenda kula. Lakini nimeona kwamba aghalabu haishii hapo, kwa sababu hesabu inayotimia kila mara humtia mtu udadisi. Atauliza kwa nini tisa, na siku moja atagundua kwamba pistoni ya silinda ya kwanza na ya nne hupanda pamoja na kushuka pamoja huku kazi zao zikipishana kwa mzunguko mzima wa kranki, hata ya nne inapotoa moshi ya kwanza imekwisha kuzifunga valvu zake na inakandamiza. Na ya pili na ya tatu ni vivyo hivyo. Huyo sasa amepata elimu ambayo hakuiendea. Kwa maoni yangu hii ndiyo fadhila kubwa ya vitabu vile, kwamba vilimpa asiyejua kazi ya kufanya kabla ya nadharia ya kukariri, kinyume cha mashuleni.

Sprite ilikuwa na kabureta mbili aina ya SU, na kuzilinganisha ni kazi iliyo karibu zaidi na muziki. Ndani ya kuba la kila kabureta mna pistoni inayoinuliwa na mvuto wa hewa, na chini ya pistoni sindano ndefu inayoingia na kutoka katika tundu la petroli, hata hewa ikizidi petroli huzidi nayo kwa kadiri yake. Kujua kama kadiri hiyo ni sawa huhitaji sikio tu. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma polepole, inua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja, kisha usikilize: mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi; injini ikilegea na kutaka kuzima, petroli imepungua; ukipanda kidogo kisha ukarejea ulipokuwa, acha kama ilivyo. Kitabu chaweza kuyaandika hayo yote, na kiliyaandika, lakini hakiwezi kumwazima mtu sikio, na hapa mwanagenzi wa chini ya mwarobaini humshinda msomaji wa Kent kwa mbali.

Wasomaji wa Haynes walimpenda, na kama ilivyo kwa wapendwao, walimfanyia mzaha. Katika vitabu vyake kila kipande kilipokwisha kutoka, msomaji aliambiwa kwa ufupi kwamba kukirudisha ni kuifuata njia ile ile kinyumenyume. Wala sidhani kuna agizo lililochekwa zaidi katika vibanda vya uani, kwa kuwa kinyumenyume hupatikana nati tatu zilizobaki bila mwenyewe, mpira uliokatika wakati wa kutolewa, na bolti iliyokatikia tunduni. Picha za kitabu ni za gari linalofunguka. Gari la msomaji limekaa miaka 12 katika nchi ambayo barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Sisi wa pwani hatumwagi chumvi barabarani, lakini upepo wa bahari hutuletea bure, na gari lililokaa Malindi au Bagamoyo halina cha kulicheka gari la London. Kwa hiyo ufundi wa nyumbani ulizaa hekima zake zisizokuwamo katika picha. Bolti zilizotoka hupachikwa katika kadibodi iliyochorwa umbo la kipande chenyewe, kila moja mahali pake, kwa sababu ndefu na fupi hazibadilishani bila madhara. Nyaya hufungwa vitambulisho kabla ya kuchomolewa. Nati iliyoshikwa na kutu hupakwa mafuta mepesi jioni ikaachwa ilale nayo, na asubuhi hukazwa kidogo kabla ya kulegezwa, maana kule kukaza huivunja kutu, ilhali kulegeza peke yake kungeivunja bolti. Na spana ile ya kutanua na kubana, ambayo mitaani hupewa jina lisilofaa kuandikwa kitabuni, huachwa sandukuni mpaka hila nyingine zote zimekwisha, kwa kuwa haikumbatii nati barabara na huila pembe zake sita hata ikawa mviringo, na nati ya mviringo ni msiba.

Silinda hedi huonyesha upande mwingine wa tartibu, nao ni subira. Nati zake hazikazwi kwa kufuatana kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ingawa hiyo ndiyo njia ambayo mkono hutamani. Huanzwa katikati, kisha hupishwa huku na huku kwenda nje, kwa mizunguko kadhaa, kila mzunguko ukiongeza nguvu kidogo, mpaka spana yenye kipimo ionyeshe kwamba kiasi kimetimia. Anayekwenda mbio hupinda chuma kisichoonekana kupindika kwa macho, gasketi huungua baada ya majuma machache, maji huingia katika oili, na oili huwa rangi ya chai ya maziwa.

Liko jambo moja lisilotaka madaha. Jeki huinua gari, haishikilii gari. Mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, awe fundi au asiwe, iwe kazi ya dakika moja au ya mchana kutwa. Aweke stendi za chuma au magogo mapana yaliyonyooka mahali pa chesisi, azuie magurudumu yaliyobaki chini, kisha alisukume gari kwa bega aone kama linayumba. Matofali hayafai, hupasuka bila ya kutoa onyo. Vivyo hivyo vumbi lililomo katika dramu za breki za magari ya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, maana vitambaa vya breki vya zama hizo vilikuwa na asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu miaka mingi baada ya mtu kusahau kwamba aliivuta.

Je, mambo haya huokoa fedha? Mara nyingine ndiyo, na mara nyingine mtu hununua zana za bei kubwa kuliko ujira aliokwepa kuulipa, kisha hutumia Jumapili tatu katika kazi ya nusu siku. Nadhani swali hilo limewapotezea wapenda magari muda mwingi wa kujitetea mbele ya wake zao. Mtu anayepalilia maua uani haulizwi kama amepata faida; anayejifungulia kabureta yake naye aachwe, mradi amerudisha kila kilichokuwa mezani pa kulia chakula.

Gari la leo limekuwa msiri zaidi. Nafasi za valvu katika injini nyingi hujirekebisha zenyewe, kabureta imeondoka, na kazi ya sikio imechukuliwa na vipimo vinavyopeleka habari kwenye kompyuta. Marekani iliagiza kwamba magari mapya kuanzia ya mwaka 1996 yawe na tundu la namna moja la kuisomea kompyuta hiyo, na tangu hapo mtu wa nyumbani aliweza kununua kifaa kidogo, akakichomeka chini ya usukani na kusoma namba ya kosa. Ila namba si tartibu. Husema kwamba silinda ya tatu haiwaki vema. Haisemi kama kosa ni plagi, koili, waya uliotafunwa na panya au valvu iliyoungua, na wengi wametupa vipande vizima kwa kuitii namba. Fauka ya hayo watengenezaji walianza kuyazuia maelezo ya ndani, hata wapigakura wa jimbo la Massachusetts wakapitisha mwaka 2012, na tena mwaka 2020, kwamba mwenye gari na gereji yoyote atakayoichagua wapewe habari za kutengenezea walizopewa mawakala. Ugomvi ule ule wa Aden, wa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wenyewe, ukawa umehamia mahakamani.

Haynes alifariki mwaka 2019, na mwaka uliofuata kampuni aliyoiacha ikatangaza kwamba vitabu vya magari mapya havitachapwa tena kwa karatasi, ingawa vya zamani vitaendelea kupatikana. Katika miji yetu, ambako magari mengi huja yakiwa yametumika Japani, na redio zake huzungumza Kijapani mpaka mwisho wa maisha yake, kijana mwenye gari sasa hujifunza kwa picha zinazotembea katika simu, akazisimamisha kwa kidole chenye grisi, akarudi nyuma, akatazama tena bolti ipi ilitoka kwanza. Kazi nyingi bado zi wazi kwake: oili na chujio lake, chujio la hewa, plagi, betri, mkanda wa feni, vitambaa vya breki baada ya kufundishwa mara moja na anayejua. Nyingine zimefungwa, na ni haki zifungwe. Gesi ya kiyoyozi huunguza ngozi kwa baridi. Mifuko ya hewa iliyomo katika usukani hulipuka kwa baruti yake ikichokozwa. Na katika gari linalotumia petroli na umeme pamoja, kama Prius, zile nyaya nene zenye rangi ya chungwa hubeba volti zaidi ya 200, nazo ni za fundi mwenye glavu za mpira, aliyejifunza kuitenga betri kubwa kwanza na kungoja dakika zilizoandikwa kabla ya kugusa chochote.